Je, wajua kwa nini samaki aliyewekwa kwenye fomalini haozi?

Mgebuka akiachwa juani pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, hadi adhuhuri, mnunuzi humpita bila kuuliza bei. Mwenzake aliyetumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhia viumbe waliokufa, anaweza kukaa rafuni miaka hamsini. Rangi itamtoka na macho yataingia ukungu, lakini magamba yatabaki pale pale. Ukiuliza sababu, wengi watakwambia fomalini ni sumu inayoua bakteria, na bakteria wakishakufa hakuna wa kumwozesha.

Ni kweli inaua bakteria. Ila jibu hilo haliwezi kuwa lote, na ushahidi wa kwanza uko tumboni mwa samaki mwenyewe. Vimeng'enya vilivyokuwa vikisaga chakula havina habari kwamba mwenye tumbo amefariki. Vinaendelea na kazi, safari hii kwenye kuta za tumbo lake. Ndiyo maana dagaa aliyevuliwa akiwa ameshiba huwahi kupasuka tumbo. Hata ungeua bakteria wote, nyama ingelainika tu.

Ushahidi wa pili ni wa maabara. Samaki akishakaa kwenye fomalini siku kadhaa, hutolewa na kulowekwa kwenye maji ya kawaida, yakibadilishwa mara kwa mara, ili fomalini imtoke. Maji hayo hayakosi bakteria. Kama kazi ya dawa ingekuwa kuua tu, wageni hao wangejikuta karamuni. Lakini haozi. Baadaye huhamishiwa kwenye ethanoli, yaani spiriti, ya asilimia 70 hivi, na humo ndimo hukaa moja kwa moja. Kwa hiyo samaki wengi wa Ziwa Tanganyika wanaotunzwa kwenye chupa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, au ya London wako ndani ya spiriti. Fomalini ilipita, ikaacha kitu.

Dagaa wa kuanikwa naye haozi, ila kwa sababu nyingine kabisa: hana maji. Mloweke leo, kesho harufu itakuita.

Kilichoachwa na fomalini ni mafundo. Nyama ya samaki imejaa protini, na protini ni nyuzi ndefu. Chukua rundo la uzi wa nyavu ambao bado haujafumwa: ukivuta uzi mmoja unatoka, ukikata huu, ule wa jirani haujui. Sasa fomaldehaidi, yaani gesi iliyoyeyushwa majini kutengeneza fomalini, ni molekuli ndogo mno: kaboni moja, oksijeni moja, haidrojeni mbili. Hushika uzi mmoja, kisha hushika na wa jirani, ikazifunga pamoja. Rudia hilo mara zisizohesabika na rundo limekuwa wavu. Ukivuta uzi mmoja unakuja nao wote. Kimeng'enya kilichozoea kukata uzi mahali fulani kinakuta pamefungwa. Tena kimeng'enya chenyewe ni protini, basi nacho kimenaswa humo humo. Bakteria mpya akifika anakuta chakula kisicholika.

Kazi hii haina haraka. Dawa hupenya nyama kwa takribani milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha huzidi kupunguza mwendo. Kwa samaki mdogo si neno. Kwa kuhe, anayeweza kupita nusu mita, utumbo utaoza kabla dawa haijafika, kwa hiyo hudungwa sindano au hupasuliwa tumbo. Kwa desturi hupasuliwa ubavu wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ndio wa kupimia na kupigia picha.

Aliyegundua matumizi haya alikuwa daktari Mjerumani, Ferdinand Blum, mwaka 1893. Alikuwa anaijaribu fomaldehaidi kama dawa ya kuua vijidudu, ndipo akaona ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu. Wengine wangetafuta mafuta ya kupaka. Yeye akatafuta nyama za kujaribia.

Na vidole vya Blum ndivyo vinavyoonyesha hatari ilipo. Protini za mkono, za jicho na za utando wa pua hufungwa vilevile. Ndiyo maana jicho lililorukiwa huoshwa kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi kabla ya kukimbilia hospitali, wala si kupanguswa kwa kitambaa. Glavu ziwe za mpira wa nitraili, na miwani ya kinga ivaliwe hata kama ni kufungua chupa tu. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haisaidii, kwani gesi hupita. Kinachosaidia ni kabati la kufyonza hewa, au kufanyia kazi nje ukiwa upande unakotoka upepo. Pua nayo si kipimo cha kuaminika: baada ya muda huizoea harufu wakati gesi bado ipo. Na isichanganywe na asidi ya hidrokloriki, maana mvuke wa viwili hivyo unaweza kuzaa kemikali nyingine inayosababisha saratani.

Fomaldehaidi yenyewe iliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2004, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa saratani ya sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua, ushahidi umesimama. Kwa ile ya damu bado wataalamu wanabishana, kwa kuwa gesi hii hunaswa puani karibu yote, na njia ya kufika kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, haijaeleweka vizuri.

Mtego wa mwisho uko kwenye lebo. "Fomalini asilimia 10" si fomaldehaidi asilimia 10. Fomalini ya dukani ina fomaldehaidi asilimia 37 hadi 40. Sehemu yake moja ikitiwa kwenye sehemu tisa za maji ndiyo huitwa hivyo, na fomaldehaidi iliyomo ni kama asilimia 4. Anayepiga hesabu kutoka kwenye fomaldehaidi yenyewe hupata mchanganyiko mkali zaidi ya mara mbili, na wa kwanza kuutambua ni macho yake.