Kwa nini sabuni hukataa kutoa povu kwenye maji ya kisima?

Sabuni ni ile ile ya mche, shati ni lile lile. Ukifulia maji ya mvua uliyokinga kwenye pipa, povu linafika viwikoni. Ukifulia ya kisima, unasugua mpaka vidole vinauma, na unachoambulia ni utando wa kijivu unaoganda kwenye ukingo wa beseni.

Pwani tunafunga mjadala kwa maneno matatu: maji ya chumvi. Visima vingi vina chumvi kweli, na chumvi ikizidi huzuia povu. Lakini yapo maji ambayo ukiyaonja hayana chumvi hata kidogo, na sabuni bado inayagomea. Hayo ndiyo maji magumu tuliyofundishwa sekondari, tukakariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukayasahau huku tukiyachota kila siku.

Kisa chake kinaanzia mawinguni. Mvua inaponyesha hubeba kaboni dayoksaidi ya hewani, na ikipita udongoni huokota nyingine, ikawa asidi dhaifu. Sehemu kubwa ya Unguja, na kisiwa cha Mombasa, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yale yale ambayo wazee waliyachoma kupata chokaa ya kujengea. Mawe hayo ni kalsiamu kabonati (CaCO₃), ambayo kwa maji matupu karibu haiyeyuki. Kwa asidi ile inayeyuka:

CaCO₃ + CO₂ + H₂O → Ca(HCO₃)₂

Hiyo Ca(HCO₃)₂, yaani kalsiamu haidrojenikabonati, huyeyuka majini, kwa hiyo ndoo inapanda na ayoni za kalsiamu (chembe zake zenye chaji ya umeme) ndani yake. Sabuni nayo ni chumvi ya sodiamu ya asidi ya mafuta. Zikikutana, kalsiamu humpokonya sodiamu nafasi yake, na kinachopatikana hakiyeyuki: ndiyo ule utando wa kijivu. Povu halitoki mpaka kalsiamu yote iishe.

Hasara yake inapigika hesabu, tena kwa moli (kipimo cha kuhesabia chembe) zile zile zilizotutoa jasho darasani. Tuchukue ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa miligramu 300 za CaCO₃ kwa kila lita. Hizo ni gramu 6, na kwa kuwa moli moja ya CaCO₃ ina gramu 100, tuna moli 0.06. Kila ayoni ya kalsiamu inakula molekyuli mbili za sabuni, basi moli 0.12. Sabuni ya sodiamu stearati ina gramu 306 kwa moli, kwa hiyo karibu gramu 37 zinapotea kabla hujafua hata soksi! Sodiamu kabonati ingeifanya kazi hiyo hiyo kwa gramu 6.4 tu, kwa sababu inaitoa kalsiamu majini ikiwa chembe nyeupe zinazotuama. Ndiyo maana magadi, ambayo yana kabonati hiyo, hulainisha maji. Sabuni ya unga haisumbuki sana, maana viungo vyake vikishikana na kalsiamu havigandi kama sabuni ya mche.

Kuchemsha nako husaidia, ila kwa ugumu wa muda tu, ule wa Ca(HCO₃)₂. Moto unaurudisha mlinganyo kinyumenyume: gesi inatoka, kabonati inaganda. Kama ugumu unatokana na salfeti au kloraidi za kalsiamu na magnesiamu, utamaliza mkaa wako bure. Huo ni wa kudumu.

Kama unataka kujua kisima chenu kina ugumu wa aina gani, chungulia ndani ya birika la chai. Ule ukoko mweupe uliong'ang'ania chini ni dalili ya ugumu wa muda: ni jiwe la matumbawe lililojijenga upya jikoni kwako. Kamulia ndimu, subiri kidogo, utaona vipovu vikipanda: kaboni dayoksaidi inatoka na ukoko unalegea. Maji hayo yamwage tu, usiyafulie. Kalsiamu imerudi humo.