Kufugwa si kutiwa kamba

Msanii akipigwa picha amefungwa kamba kama mbwa, maelezo ya chini hayakosi kusema "binadamu aliyefugwa". Nimeyasoma mara nyingi mno, na yanapotosha.

Sanaa ya utendaji ni ile ambayo kazi yenyewe ni tendo: msanii hutumia mwili wake mbele ya watu, bila kuigiza mhusika wa hadithi. Wapo wanaoazima uhusiano wa mtu na mnyama kuonyesha jinsi jamii inavyotawala watu. Maana ndiyo hiyo.

Kinachochanganywa ni kufuga na kuzoesha, yaani kumfundisha mnyama mmoja akutii. Walter Rothschild, tajiri Mwingereza mpenda wanyama, aliwafunga pundamilia kwenye gari la kukokotwa akalipitisha katika mitaa ya London. Pundamilia wale walizoeshwa tu. Watoto wao wangezaliwa wa mwituni vilevile. Kufuga huchukua vizazi, kwa kuchagua nani azae. Kuanzia 1959, huko Novosibirsk, Urusi, mwanasayansi Dmitri Belyaev alizalisha mbweha waliowaogopa watu kidogo kuliko wenzao. Katika vizazi takriban 10, walizaliwa mbweha wanaowatikisia watu mkia, wengine masikio yamelala. Hakuna aliyewafundisha, na hawakuhitaji kamba.

Sasa rudi kwenye sanaa. Mwaka 1968 VALIE EXPORT, msanii wa kike wa Austria, alipita Kärntner Strasse, mtaa wa maduka jijini Vienna, ameshika kamba, na mwisho wa kamba yuko msanii mwenzake, Peter Weibel, anatambaa kwa mikono na magoti. Kamba inaonekana, aliyeishika anaonekana. Huko ni kuzoesha. Msanii wa Urusi Oleg Kulik naye, akiwa uchi na mnyororo shingoni, aliwarukia watu. Kwenye maonyesho ya Stockholm mwaka 1996 alimng'ata mtazamaji hadi polisi wakaja. Kumwita huyo aliyefugwa ni kuigeuza kazi yake kichwa chini.

Kwenye picha ya Vienna, watazame wapita njia. Hakuna aliyewashika, lakini wote wanajua mwanamume hatambai barabarani, na mwanamke hamwongozi kwa kamba. Wamelijua hilo tangu utoto, kama wazazi wao. Ni kweli kwamba binadamu hurithi haya kwa malezi, si kwa damu kama mbweha wa Belyaev, na hapo mfano unafikia kikomo chake. Hata hivyo, ukiandika maelezo ya picha ile, ni sahihi zaidi kusema Weibel ameshikwa kamba. "Waliofugwa" ni wale wanaomshangaa.