C3 ikikatwa: kipande kipi hufanya kazi gani

Protini ya C3, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa na ini, huwa kama gramu 1 katika kila lita ya damu. Ikiwa nzima haidhuru kimelea chochote. Kazi huanza inapokatwa. Vimeng'enya vya mfumo wa komplementi (kundi la protini za damu zinazopambana na vimelea) huigawa vipande viwili visivyolingana: C3a, kidogo chenye amino asidi 77, na C3b, kikubwa.

C3b hujifunga kwenye uso wa kimelea kwa nguvu ya kikemia, na kisiponasa upesi maji hukizima. Kikinasa, seli nyeupe humeza kimelea hicho kwa urahisi. C3a huchochea uvimbe. Mwenzake C5a, kinachotoka kwenye protini ya C5, ni mkali zaidi: ndicho kinachoziita neutrofili, aina ya seli nyeupe, kwenye eneo la maambukizi.

C3b hakiachwi hivyo hivyo. Faktori I, ikisaidiwa na faktori H (zote mbili ni protini za kuidhibiti komplementi), hukikata kiwe iC3b, na mwishowe C3d. Usidhani C3d ni taka. Kikiwa bado kimeganda kwenye kimelea, hushikwa na kipokezi cha seli B, nazo huanza kutengeneza kingamwili hata kama kimelea ni kidogo mno.

Seli zetu hujilinda dhidi ya komplementi kwa protini kama CD55 na CD59. Kuna ugonjwa ambao chembe nyekundu huzikosa, zikapasuliwa na komplementi ndani ya mishipa, na mkojo ukawa mweusi. Dawa ya ekulizumabu huzuia C5 isikatwe. Lakini C5b, kipande kingine cha C5, ndicho huanzisha tundu linaloua meningokoki (bakteria wa homa ya uti wa mgongo), kwa hiyo mgonjwa huchanjwa angalau wiki 2 kabla ya dozi ya kwanza, isipokuwa kuchelewa kuwe hatari zaidi. Chanjo haizibi pengo lote: homa yoyote ni ya kuwahi hospitali siku hiyo hiyo.

Katika lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, C3 na mwenzake C4 mara nyingi hushuka kwa kuwa zinatumika haraka kuliko zinavyotengenezwa. Ini bovu nalo hushusha C3, ndiyo maana kupima vipande vyenyewe husaidia: huonyesha kama C3 inakatwa kweli. Hapo sampuli ndiyo mtihani. Tumia chupa yenye EDTA, ambayo hukamata kalsiamu na magnesiamu ili ukataji usimame. Weka kwenye barafu, tenganisha plazma mapema kwa mashine yenye ubaridi, gandisha kwenye nyuzi -70 za Selsiasi au chini zaidi. Ukitumia seramu, damu inapoganda huzalisha C3a ndani ya chupa, na mtu mwenye afya kabisa ataonekana mgonjwa.