Je, nauli ya abiria ndiyo inayolipia vifaa vya usalama wa treni?

Hapa Lubumbashi, ambako reli ilifika mwaka 1910, wengi huamini kwamba vifaa vya usalama wa treni hununuliwa kwa nauli: mabehewa yakijaa, fedha za mitambo mipya zimepatikana. Wazo hilo lina msingi wake, kwa kuwa tiketi ndiyo malipo pekee ambayo msafiri huyaona kwa macho.

Hata hivyo, katika nchi nyingi nauli haitoshi hata kulipia mishahara, mafuta na matengenezo ya kila siku. Tuchukue Marekani: sheria ya mwaka 2008 iliagiza kufungwa kwa mfumo unaosimamisha treni wenyewe iwapo dereva hakufunga breki mbele ya taa nyekundu au amezidisha mwendo, na tarehe ya mwisho, iliyokuwa mwishoni mwa 2015, ikasogezwa hadi 2018, na kwa baadhi ya reli hadi 2020. Mfumo huo unadai vifaa ndani ya kichwa cha treni, kando ya reli na katika kituo cha uongozaji, pamoja na mawasiliano ya redio kati yao. Ndiyo maana reli za abiria za mikoani zilitegemea sana fedha za umma, zikiwemo ruzuku na mikopo ya serikali, ambayo nayo sharti irudishwe.

Anayetaka kuhakikisha asome bajeti iliyochapishwa, atenganishe matumizi ya uwekezaji na yale ya uendeshaji, kisha aangalie kila fungu limetoka wapi. Muhimu zaidi, kwa maoni yangu, alinganishe kiasi kilichopangwa na kiasi kilichotolewa kweli, maana hicho cha pili mara nyingi huwa kidogo.