Je, wajua kwa nini mashine kubwa ya vita vya mezani, yaani mchezo wa sanamu na dadu, hupewa kitako kipana?

Simamisha mezani sanamu ya mashine ya vita yenye miguu miwili, mguu mmoja ukiwa hewani, kisha iguse begani. Itaanguka. Uzito wake uko juu, kwenye kiwiliwili na mizinga, na chini kuna unyayo mdogo tu. Kitu husimama pale ambapo mstari unaoshuka wima kutoka kitovu cha uzito wake unaangukia ndani ya eneo kinachokalia.

Chukua kitovu kilicho sentimita 10 juu ya meza. Ukingo wa kitako ukiwa sentimita 3 kutoka katikati, mwinamo wa nyuzi 17 hivi unaipindua mashine. Sogeza ukingo hadi sentimita 5.5, itastahimili karibu nyuzi 29. Ndiyo maana Imperial Knight, mashine ya miguu miwili ya Warhammer 40,000, mchezo wa Games Workshop ya Uingereza, husimama juu ya kitako cha duaradufu cha milimita 170 kwa 109, ilhali askari wengi wa miguu wanatosheka na cha milimita 32.

Upana peke yake hautoshi, hasa ukicheza darini Lamu wakati wa kusi. Jahazi tupu hutiwa farumi lisipinduke. Nawe bandika washa za chuma, vile visahani vyenye tundu katikati, chini ya kitako. Kisha toboa unyayo kwa keekee nyembamba, pitisha waya wa shaba mpaka ndani ya kitako, ndipo utie gundi. Gundi ya haraka ni ngumu lakini haipindiki, ikigongwa huachia. Waya ndio unaobeba kishindo, na kwangu mimi hatua hii hairukwi hata kwa sanamu ndogo.

Mchanga wa kupamba kitako tunao tele, ila wa ufuoni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hadi rangi ibanduke. Uoshe kwa maji matamu, uuanike. Kiganja kimoja kinatosha. Vilima vya mchanga vya Shela, hapo jirani na mji wa Lamu, viacheni, vinahifadhi maji ya visima vya mji. Mawe yatokane na vigae vya matumbawe vinavyobaki mafundi wakichonga, si matumbawe hai.

Pambo lisivuke ukingo, kwani katika mchezo huu umbali hupimwa kutoka kwenye kitako. Kikipanuka, mashine hufikiwa upesi na hukwama kati ya majengo. Ukitaka kukibadilisha, kubaliana na mwenzako kabla ya dadu la kwanza kurushwa.