Kadi ikisema "Black Tie", haizungumzii rangi ya tai

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliingia kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na kadi ya harusi ya rafiki yake wa Dar es Salaam. Chini kabisa, kwa maandishi ya dhahabu, palikuwa na maneno mawili: "Black Tie".

"Shikamoo fundi. Wanataka tai nyeusi."

"Marahaba mwanangu. Hilo dogo."

Nikampunguzia suti yake ya kijivu ikamkaa sawasawa, nikamwambia akatafute tai ndefu nyeusi sokoni. Akasafiri hivyo. Aliporudi hakunilaumu, ila alinionyesha picha kwenye simu: meza nzima wanaume wamevaa nyeusi na tai za kipepeo shingoni, yeye peke yake kijivu. Picha ile inaniuma mpaka leo, maana aliniamini mimi. Tangu hapo nimelisoma vazi hili mshono kwa mshono.

Maneno yale ni jina la vazi zima, ambalo wengi tunaliita taksido. Koti ni jeusi, na kola yake ya kifuani imevikwa hariri au satini. Kifungo ni kimoja, nacho kimevikwa kitambaa hichohicho. Suruali ni ya kitambaa cha koti, ina utepe mmoja wa satini ubavuni toka kiunoni hadi chini. Shati ni jeupe, tai ni ya kipepeo na nyeusi, viatu vyeusi vya kung'aa. Tai ndefu, hata iwe nyeusi kama mkaa, inakurudisha kwenye suti ya kawaida.

Mafundi wa duka la ushonaji la Henry Poole, pale Savile Row, mtaa wa washona suti jijini London, wanasema walimshonea koti fupi la jioni mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1865, yule ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba. Alitaka kitu chepesi cha kulia chakula cha usiku nyumbani badala ya koti lenye mikia. Jina la taksido limetoka Marekani, Tuxedo Park katika jimbo la New York, ambako koti hilo lilianza kuvaliwa miaka ya 1880.

Kilichonifungua macho ni kwamba vazi hili limebuniwa kwa ajili ya taa. Sufu nyeusi inameza mwanga, satini ya kola inaurudisha, na shati jeupe katikati linaunyanyua uso wa mvaaji. Ndiyo maana halivaliwi mchana. Kanuni inasema kuanzia saa kumi na mbili jioni, lakini sisi wa Kigoma saa hiyo jua bado liko juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mimi nasema subiri taa ziwake. Kibandani nina vipande viwili vya sufu, kimoja cheusi, kingine bluu nzito ya usiku wa manane. Viweke chini ya balbu: cheusi kinaelekea ukijivu, bluu ndiyo inaonekana nyeusi ya kweli. Bluu hiyo inakubalika kabisa kwenye vazi hili, na mteja akiweza kuchagua namshauri aichukue.

Sasa, taksido mpya ni ghali. Lakini suti nyeusi ya mtumba iliyokaa vizuri mabegani inageuzwa, na hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Natafuta yenye kola ya ncha inayotazama juu. Ile yenye pengo la kawaida inamkumbusha mtu ofisi. Nakata satini kwa mshazari ili ifuate mviringo wa kola bila kuvuta, kisha napiga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza, kwa mkono, pana, kabla ya kugusa cherehani. Satini inateleza kama dagaa mbichi, na fundi anayeruka bandi ataiona imejikunja akiwa ameshamaliza. Pasi napiga kwa ndani, na kitambaa juu yake, kwa sababu satini ikiungua mara moja haina dawa. Halafu nafumua mshono wa nje wa suruali, naingiza utepe, naondoa vitanzi vyote vya mkanda, nashonea kwa ndani vifungo vya saspenda, ile mikanda ya mabegani inayoshikilia suruali.

Vitanzi vinaondoka kwa sababu mkanda wa ngozi hauvaliwi hapa. Kiuno kinafunikwa, ama kwa kizibao cheusi kilichokatwa chini kifuani, ama kwa mkanda mpana wa hariri ambao Waingereza waliukuta India wakauchukua na jina lake la Kiajemi, kamarband. Kamar ni kiuno. Marinda yake hutazama juu. Nimeona mabwana harusi wengi wameuvaa kichwa chini, na wapambe wao wamenyamaza.

Kadi ikitaja tai nyeupe, hilo ni vazi jingine, zito zaidi: koti lenye mikia nyuma, kizibao cheupe, tai ya kipepeo nyeupe, tepe mbili kwenye suruali. Sijawahi kuombwa nilishone. Huvaliwa kwenye karamu ya Tuzo za Nobel mjini Stockholm kila tarehe 10 Desemba, na hata pale mgeni anaruhusiwa kuja na vazi la kitaifa la kwao.

Jambo hilo nawaambia wazee wangu wa Ujiji wanapoletewa kadi na watoto wao. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, joho jeusi lenye nakshi na kofia ya kutariziwa kwa mkono ni vazi kamili la usiku, lina heshima yake, na limekatwa kwa mwili wa mwenyewe. Mzee akiniuliza, namtoa kwenye taksido ya kuazima inayopwaya mabegani na kumrudisha kwenye joho lake bila kusita.

Ukija kupima, njoo wiki mbili kabla, na uje na viatu utakavyovaa siku hiyo. Suruali ya jioni haikunjwi kwa nje chini, kwa hiyo urefu wake naukata juu ya kiatu chenyewe.