Maswali ya hoja kwenye GMAT: tafuta pengo kwanza, majibu baadaye

Wengi ninaowaandaa kwa GMAT, mtihani wa wanaotaka kusoma shahada ya uzamili ya biashara, ni wahasibu na wahandisi, watu wa namba, na karibu wote huja na lalamiko moja: kwenye maswali ya hoja hubaki na majibu mawili, kisha huchagua lisilo sahihi. Hudhani Kiingereza ndicho kinachowaangusha. Mara nyingi sicho. Wanakimbilia majibu kabla hawajaielewa hoja yenyewe, na kati ya majibu matano, manne yametungwa makusudi yakuvute.

Tangu toleo jipya lianze mwishoni mwa 2023, sehemu ya lugha ina maswali 23 kwa dakika 45. Ya kusahihisha sentensi yameondolewa. Yamebaki ufahamu na hoja. Aliyezoea kujiokoa kwa sarufi hana tena pa kujificha.

Tazama swali hili nililolitunga kwa ajili ya darasa:

Mwezi Januari kampuni ya mabasi ilifunga vidhibiti mwendo kwenye mabasi yake yote. Mwaka huo ajali zake zilipungua kutoka 40 hadi 22. Meneja akahitimisha kwamba vidhibiti mwendo ndivyo vilivyopunguza ajali. Hoja yake imeegemea dhana gani?

Usitazame majibu bado. Ushahidi ni upi? Vifaa vilifungwa, ajali zikapungua. Hitimisho? Vifaa ndivyo vilivyosababisha. Katikati pana pengo: meneja amechukulia kwamba hakuna kingine kilichobadilika. Pengine barabara ilitengenezwa, au madereva wazembe walifukuzwa, au mabasi yalikaa gereji nusu mwaka. Ukishafika hapo, unajua unachokitafuta.

Sasa majibu. Moja linasema vidhibiti mwendo ndiyo njia pekee ya kupunguza ajali. Wengi hulidaka, kwa sababu linaonekana kumuunga mkono meneja. Lingine linasema mwaka huo safari za kampuni hazikupungua sana zikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Limepooza, halina mvuto, nalo ndilo jibu. Likanushe uone: tuseme safari zilipungua kwa nusu. Hapo ajali kushuka hadi 22 si ajabu tena, na hoja ya meneja imekwisha. Kanusha na lile la kwanza: zipo njia nyingine za kupunguza ajali. Sawa, zipo, lakini meneja hajatikisika, maana hakusema hazipo. Kipimo hiki cha kukanusha nakitumia kwenye maswali ya dhana tu. Kwenye kuimarisha au kudhoofisha hoja kitakupotezea muda.

Huko kwenye kuimarisha na kudhoofisha, swali lenyewe hukutaka uyachukulie majibu kuwa ya kweli. Hapa ndipo wajuzi wanapoumia. Mtu wa benki akikuta hoja ya mikopo huanza kubishana na jibu kwa sababu kazini kwake mambo hayaendi hivyo. Ya kazini yaache kazini.

Kuna pia mtego wa asilimia, ambao hata wahasibu hunaswa nao. Chuo kinasema wanawake wamepanda kutoka asilimia 30 hadi 40 ya wanafunzi, basi idadi yao imeongezeka. Je, kama wanafunzi wote walikuwa 1,000 na sasa ni 600? Wanawake walikuwa 300, leo ni 240.

Utasikia pia ushauri wa kukwepa jibu lolote lenye “yote”, “daima” au “kamwe”. Unafaa pale unapoulizwa ni lipi linalothibitishwa na maelezo, maana huko jibu la tahadhari, lenye “baadhi” au “huenda”, lina nafasi nzuri zaidi. Kwenye kudhoofisha ni kinyume: jibu kali, likichukuliwa kuwa kweli, ndilo linaloibomoa hoja.

Kuhusu muda, hesabu inakupa pungufu kidogo ya dakika mbili kwa swali, na ufahamu hula zaidi. Toleo jipya linaruhusu kurudi na kubadili hadi majibu matatu katika kila sehemu, ila mpaka uwe umejibu yote na muda umebaki. Swali likikung'ang'ania, chagua, weka alama, songa mbele.

Maswali rasmi ya GMAT yakikuishia, chukua ya LSAT, mtihani wa wanaotaka kusoma sheria Marekani. Tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za hoja tupu. Ni magumu kidogo, kwa hiyo mwanzoni yafanye bila saa.